Nauliza injini, mke wangu anauliza tutapanda wangapi

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 46, mzaliwa wa Musoma. Naishi Brooklyn Park, Minnesota, pamoja na mke wangu na watoto watatu: kijana wa miaka 17, binti wa miaka 12 na kitinda mimba wa miaka 6. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, mke wangu ni nesi. Hatuna dhiki, lakini kila senti tuliyonayo tunajua ilikotoka.

Huku ni nchi ya maziwa. Hata vibao vya magari vimeandikwa maziwa 10,000. Kiangazi kikifika sisi hubaki ufukweni tunachoma nyama, wenzetu wanapita na boti zao. Kuna Mzungu niliyefanya naye kazi, alitupandisha mara kadhaa kwenye pontuni yake. Kwa ambaye hajaiona, ni jukwaa bapa lililokaa juu ya mabomba mawili makubwa ya alumini, lina uzio, viti pande zote na turubai la kivuli, na injini inafungwa nyuma. Haina mbio, lakini mnakaa humo familia nzima, mnakula, mnavua, mnapiga soga. Tangu hapo sina raha. Nataka ya kwangu.

Mpya siiwezi, kwa hiyo nimetafuta za mtumba majira yote ya baridi, nikabaki na tatu.

Ya kwanza ni ya mwaka 1999, futi 20, dola 6,800. Injini yake ni tustroki ya nguvu za farasi 75, ile ya kuchanganya oili na petroli. Shemeji yangu, mume wa dada, ndiyo aliyoipenda. Sote tumekulia mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa ziwani, na baba yake alikuwa na mitumbwi ya dagaa yenye injini za Yamaha Enduro. Anasema tustroki anaifungua hata gizani.

Ya pili ni ya mwaka 2003, futi 24, ina mabomba matatu, dola 10,900. Injini iko ndani, V6 ya farasi 190, mguu wenye propela tu ndio umetokeza nyuma. Mwenyewe anasema hiyo ni injini ya gari, fundi yeyote wa gari ataitengeneza.

Ya tatu ni ya mwaka 2014, futi 22, fostroki ya farasi 60, ile isiyochanganywa oili na petroli, dola 17,500. Hii ni lazima nikope.

Sasa ni Machi, maziwa yameganda, hakuna hata moja niliyoijaribu majini. Mwenye boti ya kwanza ananiharakisha, anataka nilipe kabla msimu wa kuvua haujafunguliwa katikati ya Mei.

Yako mambo mawili yananikosesha usingizi. Kwanza, nina akiba ya dola 7,000 ambayo ilikuwa ya kuezeka nyumba ya mama yangu Musoma. Kuta zimesimama, paa bado. Nilimwahidi mwisho wa mwaka huu. Shemeji anasema tuchange nusu kwa nusu ili paa lisikwame, ila boti iandikwe jina lake kwa kuwa bima yake ni nafuu.

La pili ni mke wangu. Yeye ni mtu wa Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama huko mwaka 2018 alifiwa na shangazi yake pamoja na mtoto wa shangazi. Nyumbani hatulizungumzi. Kila nikimwonyesha picha ya boti, swali lake ni moja: "Tutapanda wangapi?" Namjibu kumi, kumi na wawili, kama tangazo linavyosema. Halafu namweleza habari za injini, kwamba ile fostroki haizimiki ovyo. Ananyamaza, kisha anasema, "Nunua tu." Hiyo "nunua tu" naijua. Wiki iliyopita nilimwambia nimeamua kukopa nichukue fostroki kwa ajili yake, asiwe na hofu. Alinyanyuka mezani akaenda kulala, chakula hajamaliza.

Mama, nichukue injini ipi? Na je, nakosea kutaka kitu hiki wakati mama yangu hana paa?

Baba wa Watatu, Brooklyn Park


JIBU

Marahaba mwanangu. Poleni na baridi, na poleni na msiba ambao naona bado mnao nyumbani.

Swali la injini sitalikwepa, maana ni la haki na lina pesa nyingi ndani yake. Mimi nimekulia Mwanza, mlio wa mashine za boti naujua tangu utotoni, lakini hizi za huko nilitaka kuwa na uhakika, nikampigia fundi wa boti ninayemfahamu hapo Minnesota. Tumezungumza hadi simu ikaishiwa chaji. Nitakupa aliyonieleza, na mengine nitakuuliza mimi.

Nilivyokuelewa ni hivi. Unataka mahali pa kukaa na familia yako juu ya maji, kwa sababu wewe ni mtoto wa ziwa na umechoka kuwa mtazamaji. Una boti tatu mbele yako, na kila moja ina mtu anayeitetea. Mke wako hatetei yoyote wala hakatai. Na kuna paa la bibi wa watoto lililowekwa kwenye mizani bila yeye mwenyewe kujua. Ukiyasoma hivyo, injini ni sehemu moja tu ya barua yako, tena ndiyo sehemu rahisi.

Tuanze nayo hiyo rahisi.

Tustroki ya shemeji ipewe haki yake. Ni nyepesi, haina vali kama za fostroki, ina vipande vichache, na inatoa nguvu kila shafti inapozunguka mara moja. Ndiyo sababu mialo yetu imejaa Enduro. Lakini Enduro ya mwaloni ni ya farasi 15 au 40, ina silinda mbili, unaivuta kwa kamba, na duka la vipuri liko hatua chache kutoka majini. Tustroki ya farasi 75 ya mwaka 1999 kwa kawaida ina silinda tatu, kabureta zinazotakiwa kwenda sawa zote, na nyaya za umeme zenye umri mkubwa kuliko kijana wako. Shemeji anaweza kuwa hodari kweli. Je, amewahi kuifungua ya aina hiyo? Ana nafasi ya kazi na vifaa? Na ikizima siku ambayo yuko zamu, nani ataifungua?

Sheria haikukatazi kuitumia. Marekani ilitoa kanuni za moshi wa injini za boti mwaka 1996, zikaingia kidogo kidogo kuanzia 1998 hadi 2006, na tustroki za kabureta zikaondoka kwenye soko la injini mpya. Fundi wangu anasema karakana nyingine siku hizi hazipokei kabisa injini za umri huo, kwa hiyo ule unafuu wa bei unaweza kuja kuulipia kwa kuzunguka kutafuta fundi. Uliza pia ni ya nani. Kama ni Johnson au Evinrude, kampuni iliyozitengeneza, OMC, ilifilisika Desemba 2000. Evinrude iliendelea mikononi mwa wengine hadi 2020, ikasitishwa. Vipuri bado vinapatikana, lakini kabla hujalipa hakikisha yupo mtu wa karibu nawe anayeviuza.

Kisha kuna petroli. Ya huko kwenu karibu yote ina asilimia 10 ya ethanoli, nayo huvuta unyevu. Injini ikilala miezi mitano na mafuta hayo ndani ya kabureta, vile vitundu vyembamba vinaziba. Minnesota huuzwa petroli isiyo na ethanoli kwa ajili ya boti. Muulize mwenye boti alikuwa anatia ipi, na alivyoilaza injini Oktoba alifanya nini. Anayejua atakujibu papo hapo. Asiyejua ataanza kukusimulia samaki aliovua.

Tuje kwenye ile ya ndani, V6. Maneno ya "injini ya gari" ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo hatari. Chuma chenyewe kweli kinafanana na cha gari. Lakini stata, altaneta na pampu ya mafuta za boti zimetengenezwa zisitoe cheche nje, kwa kuwa injini imefungiwa chumbani na mvuke wa petroli hukaa chini haupandi. Ndiyo maana boti hizo zina feni, na unatakiwa kuiendesha dakika nne kabla ya kuwasha. Fundi wa gari akikufungia stata ya gari kwa nia njema, amekuwekea kiberiti chini ya viti vya watoto. Hapo pia kuna mpira wa mkunjo pale mguu unapotokea nje. Ukichanika, maji yanaingia.

Na kuna baridi. Injini hiyo hupozwa kwa maji ya ziwa, na maji hayo yasipotolewa yote au kubadilishwa na dawa ya kuzuia kuganda, usiku mmoja wa Minnesota unatosha kupasua bloku ya injini. Mashine ya kufunga nyuma, iwe tustroki au fostroki, ukiisimamisha wima maji hutiririka yenyewe. Kwa hiyo swali kwa mwenye boti ya 2003 ni moja tu: risiti za kuilaza kwa kila baridi ziko wapi? Farasi 190 na mabomba matatu ni raha kwa anayevuta watoto juu ya tairi la mpira. Wewe umeniandikia habari za kula, kuvua na soga. Sijui hizo farasi nyingine zitakuwa zinafanya nini.

Fostroki ya 2014 ndiyo iliyo kimya, ina moshi kidogo, na mafuta inakunywa kwa adabu. Huchanganyi oili. Unaibadilisha kila saa 100 au kila mwaka, kinachotangulia. Fundi anaweza kuichomeka kwenye kompyuta akasoma imefanya kazi saa ngapi na kwa mwendo gani, kwa hiyo hapo huhitaji kumwamini muuzaji kwa maneno. Ila farasi 60 kwenye futi 22, na watu wamejaa, itakwenda polepole, na upepo ukikaza mtauona mwambao kwa muda mrefu. Watengenezaji wengine hutoa farasi 60 yenye giaboksi kubwa na propela pana kwa ajili ya boti nzito. Uliza kama ni hiyo, maana tofauti yake ni kubwa. Na fostroki nayo huharibika. Iliyotelekezwa miaka mitatu bila kubadilishwa oili wala impela ya pampu ya maji inaweza kuwa mbovu kuliko tustroki ya mzee aliyeitunza.

Hilo ndilo ningependa ulitafakari kwanza kuhusu injini. Unazilinganisha kwa aina, nami nadhani ungepata zaidi ukizilinganisha kwa mtunzaji. Pontuni ilianzia hukohuko kwenu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima mmoja, Ambrose Weeres wa Richmond, Minnesota, alifunga jukwaa la mbao juu ya mapipa ya chuma. Tangu siku hiyo ni chombo cha kukaa kuliko cha kukimbia, na injini yoyote kati ya hizo tatu, ikiwa nzima, itakufikisha.

Kujua kama ni nzima wakati ziwa limeganda kuna mipaka yake. Injini inaweza kuwashwa nchi kavu kwa kufungiwa mpira wa bomba la maji kwenye mguu. Kamwe isiwashwe kavu, pampu inaungua. Fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo, ya kila silinda, namba zikaribiane. Afungue skrubu ya chini ya mguu, oili kidogo itoke: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Wewe mwenyewe tembea sakafuni kwa kisigino, hasa karibu na mlango na nyuma pale injini inapofungwa, kwa sababu chini ya zulia kuna plaiwudi na plaiwudi huoza kimyakimya. Pita chini ya mabomba ukiangalia mibonyeo na mishono ya kuchomelea. Na ulinganishe namba ya bodi iliyopigwa nyuma upande wa kulia na ile iliyo kwenye hati. Boti ya zaidi ya futi 16 Minnesota huwa na hati ya umiliki, kwa hiyo anayekwambia "hati ilipotea" mwache aitafute kwanza.

Baada ya yote hayo bado hujaiona ikitembea majini na watu juu yake. Mnaweza kuandikiana kwamba unatanguliza kiasi kidogo, na kinachobaki unalipa baada ya kuijaribu barafu ikitoka. Muuzaji anaweza kukataa akamuuzia mwingine, na ukaikosa. Unaweza pia kulipa sasa kwa bei ya chini ukabeba hatari hiyo mwenyewe. Watu hufanya yote mawili.

Sasa nirudi kwa mama watoto.

Nimeisoma mara nyingi ile sehemu ya meza. Ulimwambia umeamua kuchukua fostroki kwa ajili yake, akanyanyuka. Wewe uliona umempa zawadi. Ninachojiuliza ni hiki: lini alikwambia anaogopa injini kuzima? Katika barua yako yote hajalisema. Amesema jambo moja, tena mara nyingi, na kila mara umemjibu kwa namba ya kwenye tangazo.

MV Nyerere ilizama tarehe 20 Septemba 2018, gati la Ukara likiwa linaonekana. Kilikuwa kivuko cha watu 100, kikabeba zaidi ya mara mbili yake, na waliofariki walipita 220. Mtu wa Ukara hahitaji kuelezwa hayo, wala si mimi wa kumsemea mke wako. Lakini ukiniuliza anasikia nini ukimwambia "kumi na wawili", nafikiri anawaona: dada yako na mumewe na watoto wao, wale wa kanisani, jirani aliyekuja na wageni kutoka Dallas, na wewe ukiona aibu kumwambia mtu abaki ufukweni. Sisi tunajuana. Chombo chetu hakijai mpaka mtu wa mwisho apate pa kuweka mguu.

Hapo kuna mambo ya kuzungumza naye ambayo yana majibu ya kweli. Pontuni nyingi zina kibao kidogo karibu na usukani kinachotaja idadi ya watu na uzito wote kwa pauni, mizigo na injini ikihesabiwa. Uzito ukifika kwanza, idadi haina maana tena. Watu wazima kumi na wawili wenye friji la barafu na jiko la mkaa wanaweza kuwa wameshapita. Tena pontuni haipendi watu wote wakimbilie mbele kuangalia kitu, pua inazama na maji yanapanda sakafuni. Na hakuna mtoto wa kukaa mbele ya uzio miguu ikining'inia, akidondoka boti inampitia juu, na propela iko nyuma inamsubiri. Sheria ya Minnesota inamtaka mtoto wa chini ya miaka 10 avae jaketi okozi boti inapotembea, kwa hiyo wa miaka 6 yuko ndani. Boti ya futi 16 au zaidi iwe pia na boya la kurushiwa aliyeanguka. Kijana wako naye, kwa kuwa amezaliwa baada ya 30 Juni 2004, tangu Julai 2025 hawezi kushika usukani akiwa peke yake bila kibali.

Je, mngekubaliana kwamba idadi ya watu anaipanga yeye, na neno lake halijadiliwi pale gatini mbele ya wageni? Ni wazo tu. Lina gharama yake, kwa sababu siku moja atasema sita na wewe umeshawaalika tisa, na utamkasirikia. Au kabla ya kununua chochote mkodi pontuni kwa siku moja Juni, ninyi watano peke yenu, mwone mwili wake unasemaje. Anaweza kushuka akiwa amefurahi. Anaweza pia kushuka akakwambia hapandi tena maishani, na hapo utakuwa na swali gumu kuliko la injini: unataka boti ambayo mama watoto atakuwa anaisubiri ufukweni? Wako wanaume wanaoishi hivyo na ndoa zao ni nzima. Wako ambao kila safari ilikuwa ugomvi. Na kama msiba ule haujawahi kusemwa kwa miaka yote hii, pengine hata ziwa si pa kuanzia. Yeye ni nesi, anajua walipo watu wa kusikiliza mambo haya; anachokosa huenda ni mtu wa nyumbani wa kumwambia, "Niambie habari za shangazi."

Ungeweza kuanza hivyo usiku mmoja ambao huna zamu, bila picha ya boti kwenye simu.

Kuhusu paa la mama, umeniuliza kama unakosea kutaka. Kutaka si kosa, mwanangu. Mtu anayelala mchana na kukesha na wazee wa watu ana haki ya kutamani upepo wa ziwani. Ila nakuomba uandike gharama zote kwenye karatasi, kwa sababu dola 6,800 ni mwanzo wake tu. Kuna usajili, bima, betri, matairi ya trela, jaketi okozi za kila mtu, mahali pa kuilaza wakati wa baridi, na fundi. Tena unaivuta na nini? Futi 22 na injini na trela yake huweza kufika au kupita pauni 3,000, na van nyingi za familia mwisho wake wa kuvuta ni 3,500. Kama gari halitoshi, umeanza kununua na gari. Ukishaijua jumla hiyo ndipo ujiulize kama paa na boti vinapishana mwaka huu, au kimoja kinaweza kutangulia kingine kikasubiri kiangazi kijacho. Boti za mtumba huuzwa kila mwaka, na fundi wangu anasema Septemba na Oktoba wenye nazo hulegeza bei kuliko sasa, maana hawataki kulipia kuzihifadhi. Mabati nayo yana bei inayopanda, na mama ana umri unaosonga. Na kama utasogeza ahadi, ni nani atakayemwambia, na lini? Wazee wetu wengi wanavumilia kucheleweshewa. Kugundua kwa picha za WhatsApp kwamba pesa ya bati inaelea ziwani ni jambo jingine.

Ule mpango wa shemeji unaonekana mwepesi, na huenda ni mwema kabisa. Lakini boti iliyo kwa jina lake ni ya kwake, kisheria na kwa bima. Ikigongwa, fidia inakwenda kwake. Akihamia Texas, inahama. Akidaiwa, inaweza kuingia kwenye madeni yake. Na kama bima haina jina lako wala la kijana wako, siku mtu akiumia wewe ukiwa usukanini ndipo mtajua kwa nini ilikuwa nafuu. Majina mawili yanaweza kuandikwa kwenye hati. Bima muulizieni wakala mkiwa wote wawili, mjue huo unafuu ni wa dola ngapi hasa. Karatasi moja inayosema nani alitoa ngapi, nani anaitumia Jumamosi zipi, nani analipa ikiharibika, na mmoja akitaka kutoka anarudishiwa nini, itasomeka kama kutoaminiana, najua. Dada yako yuko katikati, na pengine yeye ndiye wa kuzungumza naye kwanza, ili isionekane unamzunguka mumewe.

Huyo anayekuharakisha, mpigie umwambie unamleta fundi Jumamosi. Akikubali, nenda, hata kama hujaamua, utajifunza injini kwa macho. Halafu niandikie mama watoto alisema nini. Hili la jina la shemeji tunaweza kulirudia.